Staji ya farmasia isihesabiwe kwa miezi tu

Kila mwaka tunasikia wimbo uleule: wanafunzi wa farmasia waongezewe muda wa staji, ili wakitoka iniversite wajue kazi. Mimi naunga mkono. Lakini hoja inaletwa nusu. Watu wanahesabu miezi, hawaulizi mwanafunzi ataona nini ndani ya ile miezi.

Sisi wa agronomia tunaelewa hiyo vizuri. Maharagi inachukua karibu miezi 3 toka kupanda mpaka kuvuna. Mwenye kuja staji ya mwezi mmoja anakuta palizi, halafu ripoti yake inaongea mavuno! Dawa nayo iko na msimu wake: kuagiza, kupokea, kutunza, kumpa mgonjwa, na kumuuliza akirudi. Mwenye kuhesabu vidonge wiki 4 kwenye dirisha ameona palizi tu.

Tuchukue malaria. Mtu mzima anapewa artemeta-lumefantrini, vidonge 24 kwa siku 3. Kuandika hiyo juu ya bahasha ni dakika moja. Kazi ni kujua kwa nini mama alikunywa siku moja, homa ikashuka, zingine akamwekea mtoto. Ao oksitosini, ya kuzuia mama asitoke damu nyingi akisha kuzaa: inaomba baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Na bohari ya ASRAMES iko Goma. Barabara ya kuja huku Masisi ikifungwa na stoki ikapungua, nani anajua kupanga ile kidogo iliyobaki? Hiyo haifundishwi kwa ubao.

Wengine wanafanya namna gani? Marekani, mwanafunzi wa farmasia anamaliza masomo kwa wiki zisizopungua 36 za mazoezi mbele ya wagonjwa. Kenya iko na mwaka mzima wa mazoezi baada ya masomo. Ni vizuri, lakini mwaka 2024 chama cha KMPDU, chenye madaktari na wafamasia, kiligoma siku 56, na sababu moja kubwa ilikuwa hao vijana wa mazoezi: kupangiwa hospitali na kulipwa. Kwa hiyo muda mrefu kwenye karatasi haitoshi.

Tukiomba staji ndefu, tuombe na mambo matatu pamoja. Moja, msimamizi mwenye kujua dawa, asiyekuja tu siku ya kupiga muhuri. Mbili, mwanafunzi afuate oda moja toka mwanzo mpaka mgonjwa apone. Tatu, pesa ya transporti na chakula. Bila hiyo, ni mtoto wa tajiri tu ndiye atakubali kukaa miezi 6 Nyamitaba.

Bila hayo tutakuwa tumerefusha staji, na mgonjwa atabaki palepale kwenye dirisha, na bahasha yake mkononi.