Kobo Isiyopotea

Ufundi wa kuandika programu za kompyuta, jinsi unavyofanywa na vijana wa Lagos, hupimwa kwa kobo. Kobo 100 ni naira 1, na tangu naira ilipochukua nafasi ya pauni mwaka 1973, sarafu hiyo imeporomoka hata haionekani tena mfukoni mwa mtu. Ombaomba wa kituo cha danfo, yale mabasi madogo ya Lagos, akipewa atadhani anatukanwa. Ndani ya kompyuta kobo ingali hai. Fundi anayejua kazi yake haandiki naira 1,500.50. Anaandika kobo 150,050, namba nzima isiyo na nukta, na hesabu zote anazifanya hivyo mpaka pale kiasi kinapotakiwa kuonekana kwenye kioo cha simu. Sababu yake anaijua kila aliyepitia mikononi mwa mwalimu mzuri: kompyuta ikiambiwa ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia ya kawaida, hujibu 0.30000000000000004. Kibaki hicho ni kidogo kuliko chembe ya vumbi, lakini miamala milioni ikipita juu yake, mhasibu atakesha akitafuta pesa ambazo hakuna aliyeziiba.

Makao ya ufundi huu ni Yaba, upande wa bara wa Lagos, mtaa wa wanafunzi tangu zamani: Chuo cha Teknolojia cha Yaba kilianzishwa 1947, na Chuo Kikuu cha Lagos kiko jirani, Akoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Co-Creation Hub, kituo cha kulea kampuni za teknolojia, ilifungua milango yake hapo, kampuni changa zikaifuata, na wenyeji wakaanza kuuita mtaa wao Yabacon. Mwaka 2016 Mark Zuckerberg wa Facebook alionekana akitembea kwa miguu kwenye barabara zake. Mwaka 2020 kampuni ya malipo ya Paystack, iliyoanzishwa na Shola Akinlade na Ezra Olubi miaka 5 tu kabla, ilinunuliwa na Stripe ya Marekani kwa zaidi ya dola milioni 200. Habari hizo zimesimuliwa vya kutosha, na wasimulizi wengi wamezitazama dola kuliko mikono.

Fundi mwenyewe mara nyingi yuko kati ya miaka 20 na 30, na hakuanzia darasani. Alianzia kwenye simu, au kwenye laptopu kuukuu iliyonunuliwa Computer Village, ule mtaa wa Ikeja unaouza kila kitu chenye waya, na alijifunza usiku kwa kuwa bando la usiku ndilo la bei nafuu. Migomo ya wahadhiri nayo ilimpa muda ambao hakuuomba. Mwaka 2022 vyuo vikuu vingi vya serikali vilifungwa kuanzia Februari 14 hadi Oktoba 14, miezi 8 mizima, na wako mafundi hodari ambao shahada yao ni ya jiolojia au ya uvuvi lakini elimu yao ni ya miezi hiyo.

Jambo la kwanza ambalo Lagos humfundisha ni kwamba umeme utakatika. Shirika la umeme la NEPA lilibadilishwa jina mwaka 2005, na 2013 usambazaji ukauzwa kwa kampuni binafsi, lakini taa zikirudi mtaa mzima bado hupaza sauti "Up NEPA!", watoto kwa wazee, kama watu wanaompokea jamaa aliyetoka safari. Zikizimika hakuna anayepiga kelele. Husikika kamba za jenereta zikivutwa nyumba hadi nyumba. Ile ndogo kuliko zote imebandikwa jina "I better pass my neighbour", yaani afadhali mimi kuliko jirani, na kwa miaka mingi iliwasha taa moja, feni na laptopu bila kumfilisi mwenye nayo. Kisha ruzuku ya petroli ikaondolewa Mei 2023. Lita moja ilipanda kutoka chini ya naira 200 hadi karibu 500 katika siku chache, na kufikia mwishoni mwa 2024 ilikuwa imekaribia 1,000. Kuunguza petroli kwa ajili ya laptopu moja sasa ni anasa ya kupigiwa hesabu.

Giza la umeme unaokatika lilizaa tabia ambayo leo ni nadra kuiona. Fundi wa kizazi cha kwanza cha Yaba alikuwa na daftari. Daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, pembe zake zimekunjika kwa kubebwa ndani ya danfo. Betri ilipobakiwa na asilimia 10 alifunga laptopu, akawasha tochi ya simu, akaendelea kwa kalamu: visanduku, mishale, majina ya vitu vitakavyohifadhiwa, njia ambayo ombi la mteja litapita kutoka simu hadi benki na kurudi. Pembeni, kwa wino mwekundu, aliandika maswali. Mtandao ukikatika hapa? Mtu akibonyeza mara mbili? Benki ikijibu baada ya saa nzima? Umeme uliporudi, pengine saa 8 usiku, hakukaa mbele ya kioo akikuna kichwa. Kufikiri kulikuwa kumekwisha. Alinakili, akajaribu, akarekebisha, akahifadhi. Kuhifadhi kwenyewe kulikuwa kama kupepesa jicho: kila baada ya mistari miwili vidole vya mkono wa kushoto vilishuka kwenye kibodi bila kuamrishwa, na mpaka leo mtu aliyelelewa hivyo ataonekana akihifadhi hata kile ambacho kompyuta imekwisha kukihifadhi yenyewe.

Kazi iliyotoka kwenye daftari hilo ilikuwa fupi. Anayeandika kwa mkono, gizani, hamalizi mistari 200 pale ambapo 40 inatosha. Ilikuwa pia nyepesi, maana fundi na mteja wake walinunua data kwa kipimo kilekile cha megabaiti na wote wawili waliijua bei. Picha zilibanwa, mapambo yakaachwa, na ukurasa ulifunguka hata kwenye simu ya bei ya chini iliyoko Sokoto, mbali kaskazini. Siku hizi si ajabu ukurasa wa kununulia tiketi ya basi kumeza megabaiti kadhaa kabla haujataja nauli.

Faida ya maswali ya wino mwekundu ilionekana wazi mwanzoni mwa 2023. Oktoba iliyotangulia Benki Kuu ya Nigeria ilitangaza kwamba noti za naira 200, 500 na 1,000 zitabadilishwa sura. Za zamani zilipewa muda mfupi wa kurudishwa, na mpya hazikutosha. Kufikia Februari foleni za mashine za fedha zilianza alfajiri, na nchi ikahamia kwenye simu kwa mkupuo mmoja: muuza nyanya, dereva wa danfo, mshona viatu, wote wakitaka kutumiwa pesa. Njia zikajaa. Pesa ilikatwa kwa mnunuzi isimfikie muuzaji, na wawili hao wakabaki wamesimama mbele ya fungu la nyanya, kila mmoja akimwonyesha mwenzake simu.

Kinachotokea hapo, kikitazamwa kwa karibu, ni ukimya. Simu imetuma ombi. Seva imelipokea na kukata pesa. Jibu limepotelea njiani. Simu haijui kitu, kwa hiyo mnunuzi anabonyeza tena. Programu iliyolipuliwa itakata mara ya pili bila wasiwasi wowote. Fundi mzuri alikwisha kulimaliza jambo hilo daftarini: kila ombi linapozaliwa hupewa namba yake ya pekee, na namba hiyo huandamana nalo hata likirudiwa mara 5. Seva ikiiona kwa mara ya pili haikati chochote, inarudia tu jibu lake la kwanza. Na benki ya upande wa pili ikichelewa kujibu, fundi haandiki kwamba malipo yameshindikana, kwa kuwa hilo halijui. Huandika kwamba yanasubiri, kisha programu hurudi kuuliza baada ya sekunde 5, baada ya dakika 1, baada ya dakika 10, mpaka ipatikane habari ya kweli. Wale wa funika kombe mwanaharamu apite hulimeza kosa kimyakimya, alama ya kijani ikatokea kwenye kioo, na tatizo likahamia kwa muuza nyanya.

Februari hiyo hakuna fundi aliyepewa asante. Muamala uliokwenda sawa hauna jina la mtu juu yake.

Zipo alama ndogo zaidi za mkono wa fundi. Namba ya akaunti ya benki nchini Nigeria ina tarakimu 10, na ya mwisho haikuwekwa kwa kubahatisha: hupatikana kwa kuzidisha tarakimu za msimbo wa benki na zile 9 za kwanza kwa mfululizo wa 3, 7, 3, kisha kujumlisha na kuangalia baki. Mteja akikosea tarakimu moja, programu iliyotengenezwa kwa makini humwambia palepale, bila kuusumbua mtandao wala kula bando lake. Jambo jingine ni majina. Jina la Kiyoruba huandikwa kwa nukta chini ya baadhi ya herufi na alama za toni juu yake. Mfumo uliofanywa haraka huligeuza kuwa msururu wa alama za kuuliza, au humwambia mwenye jina kwamba jina lake si sahihi. Aliyeuandika mfumo huo mara nyingi naye ni Myoruba.

Mambo haya hayakupatikana kwenye video. Yalipita mtu kwa mtu. Nigeria haikosi mfano wa uanagenzi: Waigbo wana igba boi, ambapo kijana humtumikia oga wake, yaani bosi, dukani kwa miaka kadhaa, akila na kulala kwake, na muda ukitimia oga humpa mtaji wa kufungua duka lake. Sehemu kubwa ya Computer Village imejengwa hivyo. Kwenye programu desturi hiyo haikuwa na jina, wala mtaji mwishoni, lakini ilikuwepo. Mwanagenzi aliketi ubavuni mwa oga, wakaisoma kazi yake mstari kwa mstari, kidole kikigusa kioo. "Hii umeiita data2. Data1 iko wapi?" Swali la namna hiyo lilimtosha mtu mwaka mzima. Jioni waliongozana hadi kwa mama wa buka, mgahawa wa mtaani, kula amala, na mazungumzo yaleyale yakaendelea juu ya sahani.

Kampuni ya Andela, ilipoanza mwaka 2014, iliufanya uanagenzi huo kuwa biashara. Ilichagua vijana wachache kutoka kwa maelfu walioomba, ikawalipa huku wakijifunza, kisha ikafika Nairobi na Kampala. Septemba 2019 iligeuza mwelekeo na kuwaaga mamia ya mafundi wachanga wa Nigeria, Uganda na Kenya, kwa kuwa wateja wake walitaka waliokwisha kuiva. Kibiashara uamuzi huo ulieleweka. Hao walioiva wangeivia wapi, hilo halikuwa la kampuni moja kulijibu, na hakuna mwingine aliyelijibu.

Maisha ya kila siku ya fundi huyu yana mengi yasiyoingia kwenye wasifu wa kazi. Mama yake humweleza jirani kwamba mwanawe "anabonyeza kompyuta", kwa sauti ya mtu anayeomba asiulizwe zaidi. Kwa askari wa barabarani, laptopu begani mwa kijana mwenye rasta ilitosha kumfanya tapeli wa mtandaoni, na uchungu wa kusimamishwa, kupekuliwa simu na kukamuliwa pesa ulichangia kuwatoa vijana barabarani Oktoba 2020 wakidai kikosi cha polisi cha SARS kivunjwe. Maoni yake kuhusu serikali ni mafupi. Kuhusu mshahara ni marefu. Naira iliachwa ielee Juni 2023, na dola, iliyokuwa chini ya naira 500 kwa bei rasmi, ikavuka 1,500 kabla mwaka haujatimia. Anayelipwa kwa dola akiwa chumbani kwake Surulere ana kipato cha mkurugenzi. Anayelipwa kwa naira anahesabu nauli ya kesho. Huyu wa pili ndiye anayelinda kobo za watu wa nchi yake. Yule wa kwanza huenda anabadilisha rangi ya kitufe kwenye duka la nguo la Berlin.

Neno la zama hizi ni la Kiyoruba: japa, kuchomoka mbio. Waliochomoka kwenda London, Berlin na Toronto ni hasa wale wa daftari, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakitafutwa. Viti vyao vimekaliwa na vijana wa kozi za wiki 12, wenye bidii na akili kama waliowatangulia, ila hakuna aliyewahi kuketi ubavuni mwao. Akikwama, kijana wa leo huiuliza akili mnemba, nayo humpa mistari 200 iliyonyooka, yenye majina mazuri kuliko data2. Huibandika, inakubali, anaendelea. Akiulizwa mtandao ukikatika katikati itakuwaje, hulihamishia swali kwenye mashine.

Kazi ya wazee wake ingali inazunguka kwenye seva, usiku na mchana. Anayeifungua hukuta, juu ya kipande kinachojumlisha kobo, maneno ya aliyekiandika: "Abeg, no touch this one. Ask me first." Tafadhali, hapa usiguse, niulize kwanza. Chini yake kuna jina na anwani ya barua pepe ya kampuni. Barua ikitumwa huko, hurudi.