Aya ya Kumi na Tano: Humanae Vitae na Dawa za Homoni kwa Ugonjwa wa Hedhi

Waraka wa Papa Paulo VI uitwao Humanae Vitae, uliotolewa tarehe 25 Julai 1968, wanafunzi wetu wengi huujua kama katazo tu. Huisoma aya ya 14, inayokataa kila tendo lenye kusudi la kuzuia mimba, kisha hufunga kitabu. Twawasihi waendelee hadi aya inayofuata. Humo, kwa maneno machache mno, Papa asema kwamba Kanisa halikatazi tiba iliyo ya lazima kwa kuponya magonjwa ya mwili, hata ikitazamiwa kuwa tiba hiyo itazuia uzazi, mradi kizuizi hicho chenyewe kisiwe ndicho kinachokusudiwa. Kwa hiyo mwanamke Mkatoliki anayetokwa na damu nyingi ya hedhi hata akapungukiwa damu, au ambaye maumivu humlaza kitandani kila mwezi, hatendi dhambi akimeza vidonge vilevile ambavyo jirani yake huvimeza kwa kupanga uzazi.

Jambo hili halikuanza na Paulo VI. Pio XII alilieleza mnamo tarehe 12 Septemba 1958, alipowahutubia wataalamu wa magonjwa ya damu, mwezi mmoja hivi kabla ya kufa kwake. Msingi wake ni kanuni ya matokeo mawili, ambayo walimu wa Kikatoliki huirejesha kwa Thoma wa Akwino na mjadala wake juu ya mtu anayejitetea hata akamwua anayemshambulia.

Twaisifu aya hii. Yamtazama mwanamke kama mgonjwa mwenye haki ya kutibiwa, wala si kama tumbo la kuzaa tu.

Hata hivyo, mlango huu ulifunguliwa katika mazingira ya mashaka. Huko Marekani kidonge cha Enovid kiliruhusiwa mwaka 1957 kwa ajili ya matatizo ya hedhi. Kibali cha kuzuia mimba kilikuja mwaka 1960. Katika miaka ile ya katikati wanawake wengi waliwaendea madaktari wakilalamikia hedhi zao, na si vigumu kukisia kwa nini. Daktari John Rock, Mkatoliki aliyeshiriki katika utafiti wa kidonge hicho, alijaribu katika kitabu chake cha mwaka 1963 kulishawishi Kanisa lake likikubali hata kwa kupanga uzazi. Hakufaulu. Tangu hapo yule asemaye “ni kwa ajili ya hedhi” huweza kutazamwa kwa jicho la pembeni, hata anaposema kweli.

Hapa ndipo tunapouliza: nia hiyo hupimwaje? Chukua mfano wa mama wa watoto sita. Hedhi yake ni nzito, daktari amempa vidonge, naye moyoni ashukuru kwamba mwaka huu hatashika mimba. Je, nia yake imechafuka? Walimu wa Kikatoliki hujibu, na haki itendeke kwao, kwamba kufurahia jambo si kulikusudia. Kipimo chao ni hiki: kama ingepatikana dawa nyingine inayomponya vilevile bila kuzuia mimba, je, angekubali kuipokea? Ni kipimo chenye akili. Lakini sisi tunaokiri kwamba aliyehesabiwa haki angali mwenye dhambi hatuwezi kumdai mama huyu moyo usio na mchanganyiko kabla ya kumeza dawa yake.

Ugumu mkubwa zaidi uko mahali pengine, nao haujadiliwi vya kutosha. Katika hotuba ileile Pio XII alikataza dawa hiyo kwa mwanamke ambaye mwili wake hauwezi kuistahimili mimba, kama inatumiwa kumkinga na mimba hiyo. Wanawake wawili, basi, wako hatarini. Wa kwanza anadhoofishwa na hedhi. Huyu atapewa dawa. Wa pili mimba yaweza kumwua. Huyu ataambiwa ajizuie, kana kwamba kujizuia ni uamuzi wake peke yake. Mchungaji yeyote aliyekaa usharikani ajua ni mara ngapi mume ndiye aamuaye. Mantiki ya kanuni imetunzwa, kwa maana kwa huyu wa pili kuzuia mimba ndiko njia yenyewe ya kumwokoa. Kwetu sisi, kanuni inayomhurumia mwenye hatari ndogo na kumwacha mwenye hatari kubwa yapasa kuchunguzwa upya tangu mzizi, yaani katika dai kwamba kila tendo la ndoa, mojamoja, lazima libaki wazi kwa uzazi.

Wako pia madaktari Wakatoliki wasemao kwamba vidonge huficha tu ugonjwa pasipo kuuponya. Mara nyingine ni kweli, na uchunguzi wa chanzo usipuuzwe. Lakini insulini nayo haiponyi kisukari, wala hakuna amkatazaye mgonjwa kuitumia.

Katika ndoa za mseto mchungaji wa Kilutheri huweza kuulizwa na mke Mkatoliki kama akubali dawa aliyoandikiwa kwa ajili ya hedhi. Asimjibu kwa kulishutumu Kanisa lake. Amfungulie aya ya 15, amsomee mwenyewe, kisha amwambie arudi kwa daktari.