Fungu la Nyanya Kwenye Mizani

Mdadisi wa takwimu akimuuliza mama wa nyumbani kiasi cha nyanya ambacho familia yake ilitumia wiki iliyopita, jibu haliji kwa kilo. Linakuja kwa mafungu. Na fungu la Kariakoo si fungu la Ngara, wala la masika si la kiangazi. Basi kabla mtu hajatangaza asilimia yoyote ya umaskini, kuna aliyekwenda sokoni na mizani, akapima fungu, akaandika gramu zake, kisha akageukia kisado cha viazi na mkungu wa ndizi. Mahindi yaliyotoka shambani nayo huhesabiwa na kupangiwa bei, hata kama hakuna shilingi iliyobadilishana mikono. Kuyaacha ni kumfanya mkulima aonekane maskini kuliko alivyo.

Ugumu zaidi uko kwenye kumbukumbu za watu. Nani anajua kijana alikula nini stendi, au baba alipita kwa mama lishe mara ngapi? Mkuu wa kaya hujibia wote, na kwa nia njema kabisa husahau.

Mwaka 2007 na 2008 watafiti, wakiwemo Kathleen Beegle na Joachim De Weerdt, walifanya nchini Tanzania jaribio ambalo nalistahi sana. Walichukua kaya takribani 4,000, kuanzia Dar es Salaam hadi Kagera, wakazigawa kwa bahati nasibu katika njia nane za kuuliza jambo lile lile. Wengine walitakiwa kukumbuka siku 7, wengine siku 14. Wengine walisomewa orodha ya vyakula 58, wengine orodha fupi ya 17. Wengine waliandika shajara ya kaya nzima. Na katika kundi moja, lililokuwa kipimo cha mengine, kila mtu mzima aliandika shajara yake mwenyewe, wadadisi wakipita mara kwa mara kuikagua. Watu wa nchi moja, mwaka mmoja, lakini viwango vya umaskini vilivyotoka vilipishana sana. Dodoso peke yake liliweza kuongeza maskini au kuwapunguza. Ni wachache wanaothubutu kukipima kipimo chao wenyewe namna hii, na kisha kuchapisha matokeo.

Kutoka hapo ndipo kazi inavuka mipaka. Shilingi ya Tanzania hailinganishwi na faranga ya Rwanda kwa viwango vya benki vya kubadilishia fedha, kwa sababu kinyozi na kodi ya chumba havisafirishwi nje. Kwa hiyo nchi hukusanya bei za bidhaa zinazofanana, aina kwa aina na uzito kwa uzito, katika mradi ulioanza mwaka 1968 chini ya Irving Kravis na wenzake. Kwa bei hizo Martin Ravallion na wenzake waligundua kwamba mistari ya umaskini ya nchi maskini ilikaribiana kwenye dola 1 kwa siku, na Benki ya Dunia ikatumia kiwango hicho mwaka 1990. Mstari wa dola 1.25, uliotangazwa mwaka 2008, ulikuwa wastani wa mistari ya nchi 15 maskini kabisa, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwemo. Yaani kipimo cha dunia kilitokana na hesabu za vikapu vya chakula vya kwetu.

Mwaka huo huo wa 2008 bei mpya, zikiwemo za China iliyoshiriki kwa mara ya kwanza, zilionyesha kwamba maskini wa dunia mwaka 2005 walikuwa bilioni 1.4, wakati hesabu za awali zilikuwa chini ya bilioni moja. Watu wale hawakufukarika usiku mmoja. Walikuwepo muda wote, hawakuonekana tu. Mwezi Juni 2025 mstari ukapandishwa hadi dola 3, na hesabu ya maskini wa mwaka 2022 ikatoka milioni 713 ikafika takribani milioni 838. Taasisi ingeweza kuficha marekebisho ya aina hiyo kwenye tanbihi. Wapimaji hawa waliyaweka ukurasa wa mbele.