Ufahamu Hufunzwa Hadithi Ikiendelea

Mradi wa Tusome wa kufunza kusoma ulipoanza katika shule za msingi za umma nchini Kenya mwaka 2015, mabadiliko yake yalionekana kwa macho. Kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili alipata kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mwalimu alipewa mwongozo unaoeleza kila kipindi hatua kwa hatua, na maafisa wa elimu wa nyanjani wakawa wanaingia darasani na vishikwambi, wakifuatilia somo na kuwasikiliza watoto wachache wakisoma. Mpango huo haukubuniwa kwa kubahatisha. Jaribio lililoutangulia, PRIMR, la kati ya 2011 na 2014, lilipima mafunzo ya walimu na ushauri wa darasani, kisha likaongeza vitabu, kisha likaongeza mwongozo wa mwalimu. Vyote vitatu vilipokutana ndipo watoto walipopiga hatua kubwa zaidi.

Mengi yameandikwa kuhusu vitabu na miongozo hiyo. Nataka tutazame zile dakika chache zinazofuata mtoto akishajua kusoma kwa sauti, kile kipande cha somo tunachokiita ufahamu. Naamini hapo ndipo kazi yetu ingali dhaifu, Kenya na hata Tanzania, kwa sababu tunapima ufahamu kila siku na kuufunza mara chache mno.

Tuanze na kasi, kwa kuwa ndiyo inayohesabiwa zaidi. Kiwango kilichowekwa Kenya kwa msomaji fasaha wa darasa la pili ni maneno 45 sahihi kwa dakika katika Kiswahili, na 65 katika Kiingereza. Kiswahili hakikuwekewa kiwango cha chini kwa kudharauliwa. Neno moja kama “alimpelekea” limebeba mtendaji, wakati, kitendo na mtendewa, mzigo ambao Kiingereza huugawa katika maneno kadhaa. Kasi ina umuhimu wake pia: mtoto anayehangaika na kila silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake.

Lakini Kiswahili kina mtego. Silabi zake hutamkwa jinsi zinavyoandikwa, hivyo mtoto akishazimudu anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti safi pasipo kujua habari inahusu nini. Anayesoma Kiingereza akikutana na neno geni, mara nyingi hulitamka vibaya, na mwalimu akatambua papo hapo kwamba pana tatizo. Anayesoma Kiswahili hulitamka sawasawa, na kutoelewa kwake kukabaki kumejificha. Kwa mtoto wa Turkana au Wajir, ambaye huenda Kiswahili amekikuta shuleni, hatari hii ni kubwa kuliko kwa mwenzake wa Mombasa.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kanuni fupi: kusoma kwa kuelewa ni uwezo wa kuyatamka maandishi ukizidishwa kwa uwezo wa kuielewa lugha hiyo inaposemwa. Walisema kuzidisha, si kujumlisha, kwa maana kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa vipi. Kwa mwalimu kanuni hii ina kazi ya moja kwa moja. Msomee mtoto hadithi, yeye akiwa hana kitabu mbele yake. Akiielewa anaposomewa na asiielewe anapoisoma mwenyewe, tatizo liko kwenye silabi na kasi. Akishindwa kote kuwili, kumwongezea zoezi la kusoma kwa sauti hakutamfaa. Anahitaji lugha: mazungumzo, hadithi za mdomo, msamiati.

Sasa tazama kifungu hiki, nilichokitunga kwa kiwango cha darasa la tatu:

Musa alimpelekea nyanya yake kikapu cha mayai. Alipofika mtoni alikuta maji yamejaa. Alikaa chini ya mwembe hadi alasiri, kisha akavuka. Nyanya alipomwona alimpa uji wa moto, akamwambia asirudi peke yake.

Swali la kwanza linalomjia mtu yeyote ni: Musa alimpelekea nyanya yake nini? Darasa zima litapata. Badilisha basi sentensi iwe “Musa alimpelekea nyanya yake kizungo cha mabeto,” uulize swali lilelile. Bado watapata, ingawa hakuna anayejua kizungo ni kitu gani wala mabeto ni nini. Swali la namna hiyo hupima uwezo wa kulinganisha sentensi mbili. Linafaa kwa kuanzia, hasa kwa mtoto mwoga anayehitaji kujibu kitu akapata, lakini maswali manane ya aina hiyo ni swali moja lililoulizwa mara nane.

Uliza badala yake: kwa nini Musa alikaa chini ya mwembe? Hakuna sentensi inayosema kwamba alingoja maji yapungue. Mtoto lazima aunganishe mto uliojaa, kukaa hadi alasiri, na yale maneno “kisha akavuka”. Kwa nini nyanya alimpa uji wa moto? Pengine Musa alifika amelowa, pengine alikuwa na njaa baada ya kukawia njiani. Majibu yote mawili yanakubalika mradi mtoto aonyeshe ameyatoa wapi.

Halafu kuna swali ambalo vitabu vyetu huliruka: nani alimwona nani, na nani aliambiwa asirudi? Hapa Kiswahili kina ugumu wake chenyewe. Kiambishi “a” na kiambishi “m” havielezi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke, mzee au mtoto. “Alipomwona alimpa” ni maneno mawili yenye watu wawili ndani yake, na majina yao yamebaki nyuma. Msomaji mzoefu hawapotezi watu hao. Mtoto wa miaka minane huwapoteza kwa urahisi, na akishawapoteza, nyanya ndiye anayekatazwa kurudi peke yake na hadithi nzima imepinduka. Kwa hiyo naona zoezi la “nani kamfanyia nani nini”, kwa sentensi mbili tu katika kila kipindi, mtoto akionyesha kwa kidole jina ambalo kila kiambishi kinalirejelea, lina faida kuliko orodha ndefu ya maswali ubaoni.

Lakini hata maswali mazuri ni kipimo tu. Mtafiti wa Marekani Dolores Durkin aliketi katika madarasa ya shule za msingi akiandika kila dakika imetumikaje, na matokeo aliyoyatoa mwishoni mwa miaka ya 1970 yalishtua wengi: muda wa kufunza namna ya kuelewa haukufikia hata asilimia 1. Walimu waliuliza, watoto wakajibu, walimu wakasahihisha. Ni nchi ya mbali na ni zamani, lakini aliyewahi kukaa nyuma ya darasa letu la Kiswahili analijua somo hilo vizuri, pamoja na ile mikono mitano ambayo hunyooshwa kila siku.

Kufunza huanza mwalimu anapoitoa nje kazi ambayo msomaji huifanya kimya kichwani. Anasoma kwa sauti, anafika “maji yamejaa”, anasita. “Mto umejaa, na Musa amebeba mayai. Akijitosa sasa itakuwaje? Nadhani atasubiri. Tuendelee tuone.” Anafika kwenye mwembe: “Haya, amekaa. Nilikisia vyema.” Mtoto asiyejua kwamba msomaji mzuri hukisia, hujikagua na hurudi nyuma akipotea, hawezi kulijua hilo kwa kusikia jibu sahihi kutoka kwa mwenzake. Lazima asikie njia ya kulifikia. Kusimama mara mbili au tatu kwa hadithi kunatosha, kwa sababu kukizidi utamu unakatika.

Hatua inayofuata ni kumkabidhi mtoto kazi hiyo. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliosoma kwa ufasaha lakini wakaelewa kidogo. Waliwaweka katika vikundi vidogo, na baada ya kila sehemu ya kifungu mmoja wao alishika nafasi ya mwalimu: akauliza swali, akafupisha, akafafanua palipotatiza, akabashiri kitakachofuata. Mtu mzima aliongoza sana mwanzoni, kisha akajitoa kidogo kidogo. Ufahamu wa wanafunzi hao ulipanda wazi.

Katika darasa la watoto 60, vikundi vya namna ile havitawezekana kila siku. Lakini watoto wawili wa dawati moja wapo tayari. Wasome aya moja, wa kulia atunge swali, wa kushoto ajibu kisha aifupishe aya kwa sentensi moja, wabadilishane zamu kwenye aya ya pili. Kubashiri na kufafanua ningeviacha vifanywe na darasa zima hadi watoto wazoee. Kelele zitakuwepo, na mwalimu mkuu anayepita barazani ajue kuwa ni kelele za kazi. Sikiliza hasa maswali wanayoyatunga. Anayeuliza “Musa alibeba nini?” na anayeuliza “Mbona hakurudi nyumbani maji yalipojaa?” wamesoma kwa vina tofauti, na mwalimu atakuwa amelijua hilo bila kusahihisha daftari hata moja.

Jambo jingine ni ujuzi wa mambo yenyewe. Donna Recht na Lauren Leslie, mwaka 1988, waliwapa wanafunzi 64 kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikumbuka na kueleza zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Mtoto wa Marsabit akipewa habari za ngalawa, au wa Lamu akipewa habari za mashamba ya chai ya Kericho, dakika mbili za mazungumzo na mchoro ubaoni kabla ya kusoma zitamsaidia kuliko maswali kumi baadaye. African Storybook, hazina iliyofunguliwa mwaka 2014, ina hadithi nyingi za Kiswahili na za lugha nyingine za Afrika ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzichapa na hata kuzirekebisha zilingane na watoto wake.

Nimalizie na vipimo. Katika jaribio la EGRA linalotumika sana katika miradi ya kusoma, mtoto husoma kwa dakika moja, kisha huulizwa maswali ya sehemu aliyoifikia tu. Alama yake ya ufahamu basi imechanganyika na kasi yake. Kwa kulinganisha kaunti na kaunti, sawa. Kwa kumsaidia mtoto mmoja, haitoshi. Mwalimu ampe muda wa kumaliza, amwachie kitabu kikiwa wazi, amuulize maswali matatu: moja la kilichotajwa, moja la nani, moja la kwa nini. Watoto watatu kwa siku, na ndani ya wiki nne za masomo darasa la 60 limekwisha. Jibu likiwa si sahihi, asikimbilie mkono mwingine. Amuulize “Umeona wapi?” na amwache arudi kwenye ukurasa na kidole chake. Mara nyingi mtoto hujirekebisha kabla sentensi haijaisha. Asipojirekebisha, mwalimu ameona ni neno gani, au ni kiambishi gani, kilichompoteza, na hapo ndipo pa kuanzia somo la kesho.