Wasomi twabishania istilahi, menyu zabaki nusu Kiswahili
Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kipakatalishi changu kikongwe hakitimizi masharti ya Windows 11. Mjukuu wangu hapa Likoni akaniambia: “Babu, usikitupe, tia Linux.” Kweli, sasa chawaka upesi. Ila nilipochagua Kiswahili, nilipata menyu chotara: “Funga” huku, Kiingereza kule.

Si kwamba istilahi hazipo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Linux nayo ni huria; yeyote aweza kuitafsiri. Lakini sisi wasomi twabishania “tarakilishi” na “kompyuta” makongamanoni, kazi yenyewe hatuigusi. Nami nimo. Mchagua jembe si mkulima.