Ndoo ya Waingereza

Waingereza wana njia mbili za kuzunguka kifo. Ya kwanza ni mzaha: marehemu “amepiga ndoo teke”, msemo ambao Francis Grose aliuandika katika kamusi yake ya lugha ya mitaani mwaka 1785, ao “anasukuma maua toka chini”. Ya pili ni heshima: “amepita”, “tumempoteza”.

Mzaha hatuulaumu. Unasemwa juu ya mtu wa mbali, haumdanganyi mtu. Heshima njo yenye hatari. Munganga akitoka chumbani na kusema “tumempoteza baba”, mtoto atauliza: tutaenda kumtafuta wapi? Ndiyo maana leo kule Uingereza banganga wanafundishwa kutamka wazi: amekufa.

Na siye? Kwenye kilio tunasema “ametutoka”, “amelala”. Hapo haina ubaya, maana kila mtu amekwisha kujua, na maiti iko pale. Lakini kwa simu, kwa ndugu aliye safarini, tunasema “baba ni mgonjwa sana”, naye anapanda gari na tumaini la bure. Neno la upole lifuate ukweli, lisikalie kiti chake.