Ufundi wa Kuishika Platinamu

Platinamu ni metali yenye maringo. Haipati kutu, na asidi moja moja haiiwezi. Huyeyuka pale asidi ya naitriki na ya hidrokloriki zinapoishambulia kwa pamoja. Hata hivyo, ikishageuzwa kuwa chumvi nyekundu inayoyeyuka majini, hukubali kushikwa na glisini, asidi amino ndogo kuliko zote. Hapo ndipo mkemia anapoonyesha ufundi wake.

Glisini hushika kwa naitrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili. Zikiibana atomu ya platinamu kama gando la kaa, hutokea pete ya atomu tano, imara kuliko mshiko wa upande mmoja. Lakini kazi hii haitaki pupa. Asidi ikizidi majini, naitrojeni hubeba hidrojeni ya ziada, ikakosa nafasi ya kushika metali. Basi fundi huongeza besi kidogo kidogo, hupasha moto, hutazama wekundu ukififia. Paladiamu ingemaliza upesi. Platinamu ni ya kusubiriwa.

Asidi amino nazo zina tabia zake. Methionini na sisteini huja na salfa, ambayo platinamu na dhahabu huipenda kuliko oksijeni. Ndiyo maana sehemu ya sisplatini, dawa ya saratani yenye platinamu, hunaswa na protini mwilini kabla ya kufika kwenye DNA.

Ninachokisifu zaidi ni mpangilio. Platinamu ya chumvi ile nyekundu ina nafasi nne katika bapa moja. Zikija molekuli mbili za glisini, naitrojeni zao huweza kuwa jirani au kukabiliana: atomu zile zile, kampaundi mbili. Alfred Werner wa Zürich alifumbua fumbo kama hilo katika kampaundi za platinamu na amonia mwaka 1893, kabla ya eksirei kugunduliwa, kwa kulinganisha maumbo yanayowezekana na yale yaliyopatikana maabarani. Mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. Miaka ya 1960 Barnett Rosenberg, Marekani, aligundua kwamba sisplatini, ambayo klorini zake ni jirani, huzuia seli kugawanyika. Pacha wake, ambaye klorini zake zinakabiliana, hakufaa kuwa dawa.

Mwalimu wa kemia, usiishie kwenye fomula. Wape wanafunzi vijiti na vidonge vya udongo, wajenge pacha wote wawili. Fomula haitawaambia yupi anatibu.